Sura ya Tatu: Jiwe Lililobaki Kushoto

Mwenyekiti Maige alimpokea Inspekta Sabiti kwa chai ya maziwa, maandazi manne na mshitakiwa aliyekwisha kuhukumiwa.

"Usijichoshe, afande," alisema, akimsogezea kikombe. "Mwizi tunaye. Yuko mahabusu kituoni tangu Alhamisi iliyopita. Leo saa tisa gari linakuja kumchukua, apelekwe mahakamani Geita. Wewe kunywa chai, andika maelezo, tia sahihi, uwahi kurudi kwenu Shinyanga."

Sabiti alikunywa chai kwa sababu ilikuwa nzuri. Kuandika hakuandika. Kwa miaka minane kazi yake ilikuwa kusaka almasi za magendo huko Shinyanga, vijiwe vidogo kama punje za mtama ambavyo watu huvificha kwenye visigino vya viatu na ndani ya maboga. Safari hii wakubwa walimtuma mbali, hadi kijiji cha Irunda, ukingoni mwa Ziwa Viktoria wilayani Geita, kwa kuwa wataalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam waliomba mpelelezi asiye na ndugu wala shamba upande ule. Alikuwa mtoto wa mjini, mjukuu wa mfanyabiashara wa pwani aliyefika Shinyanga akasahau kurudi, na alikuwa nadhifu kiasi cha kuudhi. Novemba ile ya mwaka 1976 mvua zilikuwa zimechelewa, barabara yote vumbi tupu, lakini viatu vyake viling'aa vilevile.

"Nieleze hiyo nyundo," alisema.

"Chuma tu, afande. Kichwa cha nyundo, hata mpini hakina. Wazinza wanasema wakama wao, yaani machifu wa zamani, walikuwa wanatawazwa nacho. Uchifu ulishafutwa, watu wakahamishiwa kijijini, lakini wao bado wanakiweka kwenye kijumba huko msituni kando ya ziwa, pamoja na makaburi ya wakama saba. Mlinzi ni huyo mama, Justa. Ufunguo ni mmoja na anao yeye. Alhamisi asubuhi nyundo haipo, na kufuli zima. Unataka nini zaidi?"

"Nani alikwenda kutoa taarifa polisi?"

"Yeye mwenyewe."

"Yaani mwizi alikwenda kujishitaki?"

"Ujanja tu huo, afande. Wazinza hawa huwajui."

Sabiti aliutazama ua wakati mwenzake akicheka. Maige alikuwa Msukuma wa upande wa Kahama, fundi wa karakana katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita mpaka mgodi ulipofungwa miaka kumi nyuma. Ndipo akahamia Irunda kulima pamba, akachapa kazi, watu wakampenda na kumchagua. Ua wake ulionyesha ni mtu wa namna gani. Majembe, reki na shoka viliegemezwa ukutani kwa kufuatana urefu. Kuzunguka mlingoti wa bendera, na pande zote mbili za mlango, alikuwa amepanga mawe meupe yenye kingo kali na mishipa ya rangi ya kutu.

"Ya mgodini hayo," Maige alisema kwa fahari, alipoona mgeni anayatazama. "Nilikuja nayo kwa lori. Irunda nzima hakuna mwingine mwenye ua kama huu."

"Umepapendezesha. Na huko msituni kwenyewe kukoje?"

"Mimi nitajuaje? Sijakanyaga humo hata siku moja. Mambo ya kizamani hayo, na mimi ni mtu wa maendeleo. Ni ekari mia tatu za udongo mweusi, zimekaliwa na makaburi na nyani. Wataalamu wako wanasema mwezi ujao wanakuja kuuandikisha msitu uwe hifadhi ya urithi, kwa ajili ya hiyo nyundo. Sasa nyundo haipo. Wataandikisha nini? Mvua ikishika tu, tunapanda pamba." Akainua chupa ya chai kumwongeza. "Wala usihangaike kuingia. Kuna nyoka."

Sabiti alishukuru, akafunika kikombe kwa kiganja. Watu waliomwambia asiingie mahali walikwisha kumpatia vyeo viwili tangu aanze kazi, na hakuona sababu ya kuanza kuwasikiliza leo.

*

Kituo cha polisi cha Irunda kilikuwa vyumba viwili na benchi. Mkuu wa kituo alikuwa Geita kwa shughuli za kikazi, na aliyekuwepo ni Konstebo Ghati, binti wa Kikurya kutoka Tarime, mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe. Kwenye benchi aliketi mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mrefu, mwembamba, kitenge kimemkaa sawasawa na pingu ziko mikononi. Alivyomtazama Sabiti kutoka viatuni hadi kofia, ungedhani aliyeshitakiwa ni Sabiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunihukumu?"

"Nimekuja kuuliza." Alimgeukia Ghati. "Kwa nini amefungwa pingu ndani ya kituo?"

"Amri ya mkuu wa kituo, afande. Siku ya gari mahabusu afungwe tangu asubuhi."

Sabiti alivuta kiti, akafungua daftari. "Mama Justa, Jumatano ya wiki iliyopita nyundo ilikuwepo?"

"Asubuhi ilikuwepo. Niliifuta vumbi kwa mkono wangu."

"Baada ya hapo?"

"Nilikwenda shamba la kijiji pamoja na watu wote. Tulilima mpaka jua linazama. Alhamisi alfajiri niliingia msituni, haipo. Nikaja hapa kusema. Nikatoka hapa nikaenda gulioni kununua chumvi, na huko ndiko mwenyekiti aliponishika mkono na kupiga kelele ya mwizi. Pingu nilifungwa palepale, mbele ya wauza samaki."

"Nani aliingia msituni Jumatano?"

"Watu wanaingia."

"Watu gani?"

"Walioingia."

"Mama, nakuuliza jina."

"Na mimi nimekusikia."

Sabiti aliweka kalamu chini. Alikuwa amewahi kuhoji watu waliomeza almasi, akajua uongo una mwendo wake: unapita huku na huku, unajieleza mno, unaomba maji. Mama huyu hakuwa anadanganya. Alikuwa amefunga mlango na kukaa mbele yake.

"Unamjua aliyeichukua," alisema.

"Mimi ni wa tisa katika ukoo wetu kuulinda msitu wa Irunda," Justa alijibu. "Wanakuja pale wanawake waliokosa watoto. Wanakuja wenye wagonjwa. Wanakuja wa kanisani na wa msikitini, na wakubwa wanaotutukana kutwa nzima kwenye mikutano. Nikitaja mmoja, nani atakuja tena? Hatutaji. Bibi yangu alipigwa viboko na Mjerumani, hakutaja. Wewe umekuja na chai ya mwenyekiti tumboni, ndiwe nikutajie?"

Ghati aligeukia ukutani kuficha kicheko. Sabiti hakukasirika. Kwa kweli alimpenda mama yule papo hapo, jambo ambalo halifai kuandikwa kwenye jalada.

"Unaweza kufungwa miaka mingi kwa jambo hili, mama. Na msitu utalimwa."

"Najua."

"Basi nionyeshe msitu. Hilo nalo limekatazwa?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Justa ulilegea. "Mgeni hakatazwi," alisema, akasimama. "Mgeni anakaribishwa."

*

Ilikuwa siku ya gulio tena, na njia ya kwenda msituni ilipita katikati yake. Wauzaji walikuwa wakitandika magunia yao, dagaa upande huu, viazi na mihogo upande ule. Walipomwona Justa na pingu zake wengine waliinamisha macho. Mwanamke mmoja wa makamo alisema kwa sauti, "Huyo, anauza hata mababu zake!" Justa hakugeuka. Alitembea katikati ya njia, hatua zake za kawaida kabisa, na Ghati na Sabiti ndio waliokuwa wakihangaika kumfuata.

Mlangoni mwa msitu walimkuta Eustace, bwana miti, kijana wa Kihaya aliyeajiriwa na serikali kuangalia miti ya hifadhi. Alikuwa amewekwa pale na polisi tangu Alhamisi ile, asiingie mtu wala kutoka. Alivaa buti kubwa za kijani zilizofungwa mpaka juu.

"Hakuna aliyepita, afande. Mwenyekiti alikuja mara mbili, anasema anataka kukagua, nikamwambia hata yeye haruhusiwi."

"Alisema anataka kukagua nini?"

"Hakusema. Mara ya pili alisimama hapo tu, anaangalia mawe, akaondoka."

Mawe yenyewe yalikuwa pande zote mbili za njia. Kulia palikuwa na lundo linalomfika mtu kiunoni, mawe ya kijivu na ya kahawia, mamia kwa mamia, mengi yameota ukungu. Kushoto palikuwa peupe, ardhi imefagiwa. Kulikuwa na jiwe moja tu.

"Vueni viatu," Justa alisema. "Nitawaeleza kama ninavyomweleza kila mgeni. Anayeingia anakuja na jiwe la mlangoni kwake. Siyo la kuokota njiani, la mlangoni kwake, ili msitu ujue katoka nyumba gani. Akiingia analiweka kushoto. Akitoka analihamishia kulia. Kushoto pakibaki jiwe, kuna mtu yumo ndani."

"Na kama ametoka kwa njia nyingine?"

"Hakuna njia nyingine. Mwili utatoka, mwenyewe atabaki humo, mpaka aje alihamishe kwa mkono wake."

"Mtu akilitupa?"

"Akilitupa mtu mwingine, si neno. Mwenyewe atalitafuta. Lakini akilitupa mwenyewe, amejikana. Huyo hawi tena mzima." Justa alimtazama machoni kwa muda. "Haya si siri, baba. Siri ni jina tu."

Sabiti alichuchumaa mbele ya lile jiwe la kushoto, hakuligusa. Lilikuwa jeupe, lina kingo kali, lina mishipa ya rangi ya kutu. Alipoinuka, alivua viatu vyake vinavyong'aa akavikabidhi kwa Eustace kana kwamba anakabidhi silaha. Justa aliokota mawe mawili pembeni, yale ya nyumbani kwake anayowawekea wageni wa mara ya kwanza, akayaweka kushoto kwa ajili yao. La kwake mwenyewe alilifungua kwenye ncha ya kitenge, akaliweka nalo kushoto. Hata mahabusu hakuwa amelitoa.

Ndani palikuwa na ubaridi. Mivule na mikuyu ilisimama imeachana vizuri, mbega wakiruka juu kwa juu, na mbele kabisa maji ya ziwa yalionekana vipande vipande katikati ya majani. Justa aliongoza, akieleza kwa kunyoosha mikono yote miwili maana pingu hazikumpa nafasi ya kunyoosha mmoja. Hapa palikuwa na tanuri la kuyeyushia chuma. Taka zake nyeusi zingalipo, rundo kwa rundo, zimemezwa na mizizi. Pale walikaa wafua chuma. Majembe yao yalivuka mbuga yakaenda mpaka Usukuma na Unyamwezi.

"Babu yake Maige alilima kwa jembe lililotoka hapa," alisema. "Na wa Ghati pia, kama walikuwa na akili ya kununua kitu kizuri."

"Sisi tulikuwa tunanyang'anya, mama," Ghati alijibu, na wote watatu wakacheka.

Makaburi saba yalikuwa yamefagiwa, kila moja na duara lake la mimea ya mnyaa. Justa alisimama mbele ya kila moja akataja jina la aliyelala pale, na jina la mlinzi wa wakati wake, mwanamke baada ya mwanamke, bila kukwama hata mara moja. Sabiti alikuwa amesoma shuleni majina ya wafalme wa nchi za mbali ambazo hatazifikia. Haya hakuna aliyewahi kumfundisha. Alijisikia fahari kubwa kwa kitu ambacho hata si cha kwao, akaona haya kwamba imemchukua miaka arobaini na moja kufika hapa, tena kwa sababu ya wizi.

Kisha walifika kwenye kijumba, naye akarudi kuwa polisi.

Kijumba kilikuwa cha udongo na nyasi, mlango wa mbao nene. Komeo na kufuli havikuguswa. Sabiti hakujali kufuli. Alipiga goti upande wa pili, penye bawaba mbili. Kila bawaba ilikuwa na skrubu nne. Za kwenye komeo zilikuwa zimeota kutu na kukaa ovyo, moja imelala huku, nyingine kule, kama alivyoziacha fundi wa kijijini. Za kwenye bawaba, mifereji ya vichwani iling'aa, imechubuliwa na bisibisi siku za karibuni, na yote minane ilisimama wima sawasawa.

"Konstebo, angalia. Mlango haukufunguliwa kwa ufunguo. Ulifunguliwa upande wa bawaba. Mtu alitoa skrubu nane, akaingia, akazirudisha. Na alipozirudisha alizilinganisha. Nani hulinganisha skrubu akiwa anaiba?"

"Mtu aliyezoea, afande. Mkono wake haujui kufanya vingine."

"Andika hivyo hivyo."

Kuzunguka kijumba udongo ulikuwa umekauka na kuhifadhi kila alama. Alama za buti zilikuwa wazi, kubwa, mpaka mlangoni. Ghati alinong'ona, "Eustace!" na tayari mkono wake ulikuwa kwenye filimbi.

"Polepole. Mama, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

"Jumanne ya wiki ile, usiku. Haijanyesha tena."

"Zitazame tena hizo alama za buti, Konstebo. Zina vitobo vidogo vidogo."

Ghati aliinama. "Matone ya mvua."

"Basi zilikanyagwa kabla ya mvua. Jumatano asubuhi nyundo bado ilikuwa ndani, mama aliifuta vumbi. Eustace ana kosa la kuingia na buti, lakini kosa hilo si langu."

"Ni langu," Justa alisema. "Nimemwambia mara mia avue. Anaogopa siafu."

Juu ya alama za buti kulikuwa na nyingine, zisizo na vitobo. Mguu mtupu, mpana, wa mwanamume. Zilikuja mlangoni kwa hatua ndefu, na kutoka hapo hazikurudi njiani. Zilikwenda moja kwa moja ziwani, visigino vimezama, maana aliyezikanyaga alikuwa amebeba kitu kizito. Sabiti alizifuata mpaka penye mafunjo, zikaishia majini.

Alisimama pale, maji yakimgusa vidole. Mwizi aliyekuja kuiba alivua viatu. Mwizi aliyekuja kuiba aliweka jiwe la mlangoni kwake, asithubutu kuingia bila hilo. Kisha akaingiwa na hofu ya kukutana na watu njiani akiwa na mzigo, akatoka kwa ziwani, na jiwe likabaki. Alipotaka kulifuata akamkuta Eustace.

Walipotoka, wageni waliyahamishia kulia mawe yao kwa mikono yao, na Justa la kwake. Sabiti alitandika leso yake mbele ya jiwe jeupe.

"Naweza kulichukua kwa muda, mama? Nitalirudisha."

"Mimi sina kauli juu ya jiwe la mtu," Justa alisema, akageuka kuangalia ziwa wakati analifunga.

*

Saa saba na nusu mchana Sabiti na Ghati walimkuta Maige uani kwake, amevaa shati jipya la kwendea gulioni. Justa walikuwa wamemwacha kituoni na askari aliyeingia zamu ya mchana.

"Umemaliza, afande? Nilikuambia."

"Bado kidogo. Nimekuletea zawadi." Sabiti alifungua leso juu ya meza, kando ya chupa ya chai.

Maige aliliangalia jiwe. Mkono uliokuwa ukifunga kifungo cha shati ulisimama.

"Jiwe hili," alisema.

"Ni lako?"

"Mawe kama haya yamejaa huko mgodini. Mtu yeyote anaweza kuokota."

"Kweli kabisa. Hata wakili atasema hivyo hivyo mahakamani, na hakimu atamkubalia. Kwa hiyo si lako."

"Si langu."

"Basi litupe."

Kuku walipita kati yao. Maige hakusogea.

"Ziwa si mbali," Sabiti aliendelea, kwa upole. "Hatua mia mbili. Twende, ulitupe mbele yetu, niandike kwamba jiwe si la mwenyekiti, tuachane. Mtu wa maendeleo hashindwi kutupa jiwe."

"Kwa nini nitupe mimi? Tupa wewe."

"Mimi nikilitupa si neno. Nimeelezwa hivyo."

Jasho lilianza kumtoka Maige kwenye paji la uso. Alinyoosha mkono, ukafika karibu na jiwe, ukarudi. Akaunyoosha tena. Ghati, ambaye kwao Tarime aliwahi kumwona fahali akikataa kuvuka mto, alijua mapema kwamba mkono ule hautafika.

"Nani kakueleza?" Maige aliuliza kwa sauti ndogo. "Justa? Justa kanitaja?"

"Hajataja mtu. Wiki nzima amelala sakafuni hajataja mtu. Na wewe ulijua hatataja, ndiyo sababu ulipata ujasiri wa kumshika mkono gulioni."

Maige aliketi kwenye kiti chake mwenyewe kama mgeni. "Mwaka juzi mwanangu Limi aliugua," alisema. "Hospitali walimrudisha nyumbani. Mke wangu akalia mpaka nikaenda kule, jioni, peke yangu. Justa alinipokea. Hakuniuliza chochote. Limi akapona. Kesho yake nilikuwa mkutanoni, naye amekaa mstari wa mbele, nikasema msitu ule ni ushirikina mtupu. Alinitazama tu. Hakusema neno, wala siku hiyo wala siku nyingine."

"Na ukamwibia."

"Niliwaahidi watu mashamba! Mbele ya kijiji kizima niliahidi. Jumatano nikaaga kwamba tumbo linauma, nikatoka shambani. Nilitaka kuitupa ziwani hiyo nyundo, jambo liishe. Niliingia nayo majini mara mbili, afande. Mkono haukukubali."

"Iko wapi?"

Alionyesha ndani kwa kidevu. Ghati aliingia, akakaa kidogo, akatoka nayo kifuani. Ilikuwa chini ya kitanda, imeviringishwa katika shuka jipya jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani, na mbele yake kilikuwepo kisahani cha unga wa mtama. Mtu wa maendeleo alikuwa akiilisha kila siku.

"Mfunge, Konstebo," Sabiti alisema.

"Siwezi, afande. Kituo kina pingu moja. Anazo mama."

*

Saa nane walirudi kituoni, Maige akitembea katikati yao mikono mitupu, na watu njiani wakimsalimu mwenyekiti kama kawaida. Sabiti aliingia ndani, akaweka nyundo mezani, akachukua ufunguo wa pingu kwenye msumari.

Justa aliiona nyundo. Alishuka kwenye benchi akapiga magoti, akapiga makofi matatu mepesi kadiri pingu zilivyomruhusu, kisha akainuka.

"Samahani, mama. Serikali imekosea. Lete mikono nikufungue."

Justa aliirudisha mikono kifuani. "Hapa?"

"Hapa, sasa hivi."

"Mlinifungia wapi?"

Sabiti aliteremsha mkono wenye ufunguo.

"Mlinifungia gulioni, wauza samaki wakiona, na wajukuu zangu wakiona. Leo unataka kunifungulia gizani kama mtu aliyesamehewa? Sijasamehewa mimi, mimi sikuiba. Mtanifungulia mliponifungia."

"Kanuni zinasema mahabusu anaachiwa kituoni," Ghati alisema, lakini alikuwa akitabasamu, na tayari amefungua mlango.

Gulio lilikuwa limejaa. Justa alitangulia, Ghati akifuata amebeba nyundo kwa mikono miwili, bado imefunikwa shuka jipya, kisha Maige, na Sabiti nyuma kabisa. Minong'ono ilitangulia mbele yao, na walipofika penye wauza samaki biashara ilikuwa imesimama yenyewe. Justa alisimama pale pale alipokuwa amesimama wiki iliyopita. Akanyoosha mikono.

Sabiti alivua kofia. Alikuwa amekwisha kuwafungua watu wengi pingu, hakuwahi kufanya kwa uangalifu kama ule. "Mimi ni Inspekta Sabiti wa Shinyanga," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa gulio. "Mama huyu hakuiba. Alionewa. Nyundo ya Irunda imepatikana, na namrudishia mlinzi wake mbele yenu."

Ghati alifunua shuka. Wazee walipiga magoti kwanza, kisha wanawake, na yule mwanamke wa makamo aliyepayuka asubuhi alifunika uso kwa khanga. Justa aliipokea nyundo, akaikumbatia kifuani. Machozi yalimtoka akayaacha yatiririke, bila kuinamisha kichwa.

"Nani basi?" mtu mmoja alipiga kelele. "Nani aliiba? Mtaje!"

"Mtaje! Mtaje, Mama Justa!"

Kelele zilipanda. Maige alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, shati lake jipya limelowa mgongoni. Ingetosha Justa ageuze macho. Alingoja mpaka wakanyamaza wenyewe.

"Nyundo imerudi nyumbani," alisema. "Rudini kwenye samaki wenu, wanaoza."

Hakuna aliyerudi kwenye samaki. Sabiti alifungua mdomo aseme, maana ilikuwa kazi yake kusema, lakini Maige alimpita begani. Alijitokeza mbele ya watu wake, akatazama chini, kisha akainua uso. Akanyoosha mikono yote miwili kwa inspekta.

"Ni mimi," alisema. "Nyundo niliichukua mimi. Na mwaka juzi mwanangu aliponea kule."

Pingu zilifungwa palepale, mbele ya wauza samaki. Mbali, barabarani, vumbi la gari la Geita lilikuwa limeanza kuonekana. Justa alimgeukia Sabiti, nyundo ikiwa kifuani.

"Umesikia, baba," alisema. "Andika vizuri kwenye kitabu chako. Amejitaja mwenyewe. Mimi sikumtaja."